Je, vibarua wa mashambani wamo hatarini zaidi kupata VVU? Naomba mwongozo kabla ya msimu wa maembe

KatibuMagarini aliuliza:

Assalamu aleikum, na salamu pia kwa ndugu wa imani nyingine. Mimi ni katibu wa chama cha wakulima wa maembe, korosho na mananasi upande wa Magarini, kaskazini ya Malindi. Wanachama wetu si matajiri. Wengi wana ekari chache tu, lakini maembe yakiiva hayangoji mtu, na kuanzia Novemba hivi kila mwenye shamba huhitaji watu wa kuchuma, kupanga kwenye kreti na kupakia lori usiku. Watu hao hatuwapati wote kijijini. Wengine hutoka Ganze, wengine Tana River, wengine hushuka kutoka bara wakifuata kazi, na wapo ambao kabla ya kuja kwetu walikuwa Lamu kwenye pamba na simsim, au kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni. Hulala katika mabanda ya makuti tunayowajengea kando ya shamba, wanaume na wanawake wakitenganishwa kwa pazia la magunia.

Katika mkutano wetu uliopita, mwanachama mmoja anayeheshimika alipendekeza kwamba msimu huu kila kibarua aje na karatasi ya kliniki inayoonyesha kuwa amepimwa na hana virusi vya Ukimwi, na asiye nayo asiandikwe kazi. Alisema kwa uchungu, maana amezika ndugu zake, na wengi walikubaliana naye. Niliomba jambo hilo liahirishwe hadi nipate maelezo ya kutosha, kwa sababu moyo wangu haukutulia, ila sikuwa na hoja ya kuweka mezani.

Naomba basi wenye ujuzi wanisaidie. Je, ni kweli kwamba vibarua wa mashambani wana maambukizi mengi kuliko watu wengine wa vijijini, au hiyo ni dhana tu? Kama ni kweli, ni jambo gani hasa katika maisha ya shambani linalowaweka hatarini? Na chama kama chetu, kisicho na fedha za kuajiri muuguzi wala kujenga zahanati, kinaweza kufanya nini ili kuwalinda watu hawa, pamoja na wake zetu na watoto wetu, bila kumdhalilisha yeyote? Nakusudia kuyachapisha majibu yenu na kuyasoma mkutanoni, kwa hiyo naomba kila mtu aandike analolijua na wala si alilolisikia njiani.

Tabibu_Sabaki alijibu:

Ndugu Katibu, umefanya vyema kuliahirisha jambo hilo. Nimehudumu katika kliniki za VVU upande huu wa Pwani kwa miaka mingi, nami nitajitahidi kukujibu, ingawa swali lako la kwanza ndilo gumu kuliko yote.

Tuanze na nchi nzima. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018, ambao watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakipima damu, ulionyesha kwamba asilimia 4.9 ya Wakenya wa umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa wakiishi na VVU, yaani asilimia 6.6 ya wanawake na asilimia 3.1 ya wanaume. Wastani huo unaficha mambo mawili. La kwanza ni kwamba ugonjwa huu haukusambaa sawasawa: Homa Bay ilikuwa na asilimia 19.6, Kisumu 17.5 na Siaya 15.3, ilhali kaunti nyingi zilikuwa chini kabisa ya hapo, na Pwani yetu haimo katika kundi la juu. La pili ni uchache wa watu. Kaunti ya Lamu ilikuwa na watu 143,920 tu katika sensa ya 2019. Utafiti wa kitaifa ukifika huko hupima watu wachache, na wakiongezeka au kupungua wawili au watatu wenye virusi, asilimia nzima hubadilika. Kwa hiyo anayekuja mkutanoni na tarakimu moja ya Lamu au ya Malindi, akataka kutunga juu yake kanuni ya kuajiri watu, hana msingi.

Kuhusu wafanyakazi wa mashambani wenyewe, utafiti unaojulikana zaidi hapa nchini ulifanyika katika mashamba ya chai ya Kericho mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watu wazima zaidi ya 2,000, wafanyakazi pamoja na jamaa zao walioishi nao shambani, walipimwa kisha wakafuatiliwa kwa miaka kadhaa. Maambukizi yalikuwa mengi zaidi kwa wanawake kuliko wanaume, kwa waliotengana na wenzi wao au kufiwa, na kwa wanaume wasiotahiriwa. Matokeo hayo yasomwe kwa makini, kwa sababu si kila kilichoonekana Kericho kinahusu Malindi. Tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60, kama ilivyoonyeshwa na majaribio yaliyofanywa Kisumu, Rakai nchini Uganda na Orange Farm nchini Afrika Kusini, na kuchapishwa kati ya 2005 na 2007. Hapa kwetu karibu wanaume wote wametahiriwa tangu wadogo, na hilo limetukinga kwa kiasi. Lakini mwanamke aliyefiwa na mume, anayefuata vibarua huku na huko akiwa na mtoto mgongoni, huyo yuko Kericho na yuko Magarini vilevile.

Nikijibu moja kwa moja, kilimo chenyewe hakimwambukizi mtu. Mkulima anayelima shamba lake na kulala nyumbani kwake hana hatari ya ziada kwa kuwa anashika jembe. Hatari huongezeka pale kazi inapopangwa kwa namna ambayo mtu hulala mbali na mwenziwe kwa miezi, hulipwa fedha zote kwa mkupuo, humtegemea mtu mmoja ili aandikwe tena kesho, na kliniki iliyo karibu hufunguliwa saa ambazo yeye yumo shambani na kufungwa kabla hajatoka. Nimewahudumia watu waliopimwa mapema, wakaanza dawa vizuri, kisha wakawa wanapotea kila mwaka nyakati zilezile na kurudi wamedhoofika. Kwenye rejista waliandikwa kwamba wamekatiza matibabu, ilhali walichofanya ni kuhama na msimu wa korosho.

Na ile karatasi ya kliniki, mbali na sheria ambayo naamini wengine wataieleza, haifai hata kwa kipimo cha kitabibu. Kipimo cha haraka hutafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili huitengeneza baada ya kuambukizwa, na mtu aliyeambukizwa majuzi anaweza kuonekana hana kitu hadi miezi 3 ipite, ilhali hicho ndicho kipindi ambacho virusi huwa vingi mno mwilini na ni rahisi kuvipitisha kwa mwingine. Kwa upande wa pili, mtu anayejua hali yake, anayemeza dawa kila siku, na ambaye virusi vyake vimepungua hadi havionekani kwenye kipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa njia ya ngono. Hilo limethibitishwa na tafiti za wenzi wenye hali tofauti, zikiwamo zile kubwa zilizochapishwa 2016 na 2019. Karatasi yenu ingempokea yule wa kwanza na kumfukuza huyu wa pili.

ChumaPamba_Hindi alijibu:

Nimesoma nikaona niandike, kwa kuwa mimi ndiye mtu anayezungumziwa. Ni mwanamke wa mji wa Hindi, Lamu, nimefiwa na mume, na ninaishi na virusi. Huchuma pamba ya watu hapa Hindi na Mpeketoni, na korosho zikianza huenda upande wa Witu.

Bwana Katibu, nakuomba uwaeleze wanachama wako jinsi usiku ulivyo huko bandani. Tunalala wanawake kadhaa mahali pamoja, mikeka ikigusana. Chupa ya dawa ina vidonge vinavyogongana, ukiinyanyua tu inalia kama kayamba, na siku hizi kila mtu anautambua mlio huo. Mwenzangu mmoja alinifundisha kushindilia pamba ndani ya chupa mpaka juu, ile ile tuliyochuma mchana, ili vidonge visigonge. Wapo wanaovitoa kabisa chupani na kuvifunga kwenye pindo la leso, vikapata jasho na jua mpaka vikabadilika rangi. Wapo wanaoviacha nyumbani, wakisema watameza wakirudi. Msiwaite wajinga. Ni watu walioshuhudia mwenzao akiambiwa asiguse sufuria ya ugali, na wiki iliyofuata jina lake likaondolewa kwenye daftari. Na wengine hujua dawa iko, saa imefika, lakini hawajala tangu asubuhi kwa sababu posho haijaletwa, na wameamini kwamba dawa hii haimezwi na tumbo tupu, basi wanairuka.

Jambo la pili ni zito kuliko hilo. Anayeandika majina asubuhi ni mnyapara. Anayeshika mizani jioni ni mnyapara huyo huyo, na anayegawa pesa Jumamosi ni yeye pia. Mwanamke aliyemkataa usiku huona gunia lake limepungua kilo siku ya pili yake, na hana wa kumlalamikia. Mnatufundisha tuwaombe wanaume wavae kondomu, na mafundisho hayo ni mazuri, lakini hilo humwambia mwanamume anayekuona mko sawa. Huwezi kumwambia mtu ambaye chakula cha watoto wako kiko kwenye kalamu yake. Mimi nimewaona wasichana waliokuja wazima, wakaondoka baada ya misimu miwili wakiwa na mimba na virusi, na huyo aliyewaambukiza bado anaandika majina.

Kwa hiyo kama chama chako kina nia njema, anayepima asiwe ndiye anayelipa. Mizani iwe mahali pa wazi ambapo kila mtu anaisoma kilo zake mwenyewe. Pesa zitumwe kwa simu ya mchumaji kila wiki, zisikusanywe mpaka mwisho wa msimu. Kila mtu apewe kisanduku chenye kufuli, hata cha mbao, cha kuweka vitu vyake, na mtu akiomba siku moja ya kwenda hospitali asiulizwe anaumwa nini wala asikute nafasi yake imechukuliwa. Haya ndiyo yangenisaidia mimi kuliko semina.

MzeeWaMpeketoni alijibu:

Binti yangu wa Hindi, pole, na ahsante kwa ujasiri wako. Hata hivyo naomba niseme lililo mioyoni mwa wazee wengi, ili Katibu asije akashtukizwa nalo mkutanoni. Sisi tuliofika katika makazi ya Ziwa Kenyatta miaka ya 1970 tulikuta msitu, na tumeuona msitu ukiwa kijiji na kijiji kikiwa mji. Palipo na mnada wa pamba hufuata vilabu na vyumba vya kukodi. Upande wa Malindi najua kuna mangwe za tembo la mnazi, na najua kuna disko matanga, yaani muziki wa usiku kwenye matanga, ambako wasichana wa shule hupotelea usiku kucha. Pesa ya kibarua huishia huko. Kila tukikutana tunazungumza mabanda, mizani na kliniki, na hakuna anayethubutu kusema kwamba zinaa ni dhambi na kwamba mtu ana hiari ya kujizuia.

Nakubali pia kwamba si kila kitu ni hiari. Tangu mashambulizi ya Juni 2014, familia za vijiji vya pembeni hapa Lamu zimehama na kurudi mara nyingi. Baba hubaki akilinda shamba, mama na watoto hukodi chumba mjini, na ndoa hukaa hivyo kwa miezi. Hilo limeharibu nyumba nyingi za watu wacha Mungu.

Tabibu_Sabaki alijibu:

Shikamoo mzee wangu. Nasihi za wazee, maimamu na wachungaji zina nafasi yake, na siku imamu anaposema msikitini kwamba mwenye virusi ni ndugu yetu, sisi wa kliniki huona watu wapya wakija kupima. Wala sipingi kwamba pombe na usiku wa matanga vinawaumiza vijana. Ninachoomba tutazame ni nini humfanya mtu yule yule, mwenye dini ile ile, awe hatarini zaidi mwaka huu kuliko mwaka jana.

Wachumi watatu walichapisha mwaka 2015 uchambuzi wa takwimu za nchi 19 za Afrika, wakalinganisha mvua na maambukizi. Waligundua kwamba katika maeneo ya vijijini ambako VVU vimeenea, kila ukame wa miaka ya karibuni ulihusiana na ongezeko la maambukizi la asilimia 11. Miaka michache kabla ya hapo, utafiti wa Botswana na Swaziland uliochapishwa 2007 ulikuwa umeonyesha kwamba wanawake waliokosa chakula cha kutosha walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kubadilishana ngono na pesa au chakula. Sisi tunajua ukame ni nini. Tangu mwishoni mwa 2020 mvua zilikatika misimu mitano mfululizo, na Magarini na Ganze ziliumia sana. Wakati ule wasichana wengi waliokuja kutafuta kibarua Malindi hawakuwa wamekuja kufuata starehe. Mahindi yalikuwa yamekauka, na mbuzi walikuwa wamekufa.

Nisieleweke vibaya, kwamba chakula kikipatikana kila kitu kimekwisha. Kule Nyanza kulifanyika jaribio lililowapa watu wanaoishi na VVU mkopo, pampu ya maji na mafunzo ya kilimo, na matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionyesha kwamba njaa ilipungua kweli, lakini kiwango cha watu waliofanikiwa kuvidhibiti virusi hakikutofautiana na cha wale ambao hawakupewa. Shibe ni haki ya mtu kwa nafsi yake, na kliniki nayo lazima ifanye kazi yake.

Kuna jambo moja ambalo sijaona likitajwa popote katika mijadala ya vibarua wa Pwani, nalo ni kichocho. Huku kwetu kuna kile cha njia ya mkojo, kinachopatikana kwa kuingia kwenye maji yaliyotuama au yanayokwenda polepole yenye konokono, na watu wanaomwagilia mboga kando ya mto Sabaki, wanaopanda mpunga Tana River au wanaofua kwenye malambo hukanyaga maji hayo kila siku. Mayai ya minyoo huacha vidonda vidogo ukeni na kwenye shingo ya uzazi. Utafiti wa vijijini Zimbabwe uliochapishwa 2006 ulionyesha kwamba wanawake wenye vidonda hivyo walikuwa na uwezekano wa karibu mara 3 wa kuwa na VVU. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, lakini vidonda ni vidonda, na mlango huo haufai kuachwa wazi. Mwanamke hutokwa na uchafu wenye damu, akadhaniwa ana ugonjwa wa zinaa, akapewa dawa isiyomfaa, akaaibika na kunyamaza. Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, hutolewa kwa dozi moja kulingana na uzito au urefu, na ni rahisi. Kama chama kitaomba jambo moja kutoka kwa ofisi ya afya ya kaunti ndogo, kiombe hilo lijumuishwe.

Dada wa Hindi, nakujibu wewe sasa. Dawa ya kawaida inayotolewa siku hizi nchini, kidonge kimoja kwa siku chenye dolutegraviri, inaweza kumezwa pamoja na chakula au bila chakula, kwa hiyo waambie wenzako wasiiruke kwa sababu ya njaa. Usiitoe kwenye chupa yake, na usikitupe kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu kilichomo ndani. Ukitaka kuzuia mlio, tumia pamba safi na kavu ya dukani badala ya ile ya shambani, kisha ukaze kifuniko. Mgonjwa ambaye hali yake imetulia anaweza kupewa dawa za miezi 3, na wengine hata za miezi 6 kwa mkupuo. Mweleze mhudumu mapema kwamba unahama na msimu, na uombe barua ya uhamisho ili kituo chochote, Witu au Malindi, kikuhudumie bila kuanza upya. Hata waliokimbia vijiji vyao kwa sababu ya usalama, kama alivyosema mzee, wana haki ya kuingia kituo chochote cha serikali na kuomba dawa.

Kwa wale wasio na virusi lakini wamo hatarini, kuna dawa ya kumeza kila siku ya kujikinga kabla ya kuambukizwa, ambayo Kenya iliianzisha mwaka 2017. Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza pia sindano ya lenakapaviri, inayodungwa mara 2 kwa mwaka, ambayo kwa mtu anayehamahama ina manufaa ya wazi. Na mwanamke aliyelazimishwa, au mtu ambaye kondomu ilimpasukia, afike kituo cha afya ndani ya saa 72 ili aanze dawa za dharura za siku 28. Saa hizo zinahesabiwa tangu tukio lilipotokea, kwa hiyo kusubiri Jumatatu kunaweza kumgharimu.

HakiKazini_Malindi alijibu:

Mimi hushughulika na malalamiko ya wafanyakazi, nami nitajikita kwenye sheria. Katibu, pendekezo la mwanachama wako limekatazwa waziwazi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa kama sharti la ajira, ndoa, safari, bima au matibabu, na ilianzisha Baraza maalumu la kusikiliza mashtaka ya namna hiyo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya hali yake ya VVU. Kibarua mmoja tu akilalamika, chama chenu kitakuwa na kesi.

Sheria hiyo hiyo ya Ajira ina mambo ambayo wakulima wengi hawayajui. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kuwa na sera ya maandishi kuhusu udhalilishaji wa kijinsia kazini, na sera hiyo ieleze mtu atalalamika kwa nani. Hesabuni vibarua wenu wa Desemba, mtajikuta mmevuka idadi hiyo. Aliyoyaeleza dada wa Hindi kuhusu mnyapara si kisa cha Lamu peke yake. Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi uliofanywa katika mashamba ya chai ya Kericho, ambapo wanawake zaidi ya 70 walieleza jinsi wasimamizi walivyowanyanyasa kingono, na mmoja wao alisema aliambukizwa VVU hivyo. Haya yalitokea kwenye mashamba makubwa yenye ofisi za wafanyakazi na sera zilizochapishwa. Kwenye banda la makuti kuna kinga gani?

Aidha, mfanyakazi aliyehudumu miezi 2 mfululizo anastahili likizo ya ugonjwa yenye malipo, angalau siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara kwa mwaka, akileta cheti cha daktari. Cheti hakihitaji kutaja ugonjwa wenyewe ili mwajiri aridhike.

Na kwa wanachama wanaotazama gharama, kuna hesabu ya Kericho iliyochapishwa 2004. Wachumaji chai waliougua Ukimwi kabla ya dawa kupatikana walipata kipato pungufu kwa asilimia 16 katika mwaka wa pili kabla ya kuacha kazi au kufa, na asilimia 17.7 katika mwaka wa mwisho, kwa kuwa walichuma kilo chache na kuugua siku nyingi. Wenzao walioanza kumeza dawa miaka iliyofuata, mahudhurio yao yalipanda tena kwa kiasi kikubwa ndani ya mwaka wa kwanza. Mchumaji anayemeza dawa zake ni mchumaji kamili. Anayeficha chupa mpaka akaacha kumeza ndiye mtakayempoteza katikati ya msimu.

KatibuMagarini alijibu:

Nawashukuru nyote kutoka moyoni, na hasa wewe dada wa Hindi. Nimezungumza na mwenyekiti, na ameridhia pendekezo la karatasi liondolewe kwenye ajenda. Badala yake nitaleta mapendekezo ya mizani ya wazi, malipo ya kila wiki kwa simu, visanduku vya kufuli, na banda la wanawake lenye mlango unaofungwa kwa ndani mahali pa lile pazia la magunia. Mbao zipo, maana tulinunua za kutengenezea kreti.

Limebaki swali moja. Tungependa kuwaalika wahudumu wa afya waje shambani jioni, watu wakiwa wametoka kazini, ili anayetaka apimwe. Nahofia kwamba watu watahesabu nani ameingia na nani amekataa, na nani ametoka akiwa na uso gani. Isitoshe, tangu serikali ya Marekani isitishe misaada Januari 2025, huduma za VVU katika vituo vyetu zimechanganywa na za wagonjwa wa kawaida, na vibarua wengine wananiambia wanaogopa kuonekana kwenye foleni. Tufanyeje jioni hiyo isije ikawa ya kuwaanika watu?

Tabibu_Sabaki alijibu:

Msiiite siku ya Ukimwi. Iwe jioni ya afya, watu wapimwe shinikizo la damu, sukari na malaria, wapewe dawa ya kichocho, na kila anayeingia kwenye chumba cha ndani akae humo muda ule ule, awe amepima VVU au hakupima. Mhudumu ndiye atakayemuuliza mtu wakiwa wawili tu. Ombeni pia vifaa vya kujipima kwa kupangusa ufizi, ambavyo vimekuwepo nchini tangu 2017, mtu akachukue ajipime kwa wakati wake, mradi aelezwe kwamba akionekana ana virusi ni lazima athibitishe kliniki kabla ya kuanza dawa. Wenye mashamba nao wapimwe siku hiyo hiyo, tena watangulie.

ChumaPamba_Hindi alijibu:

Naongeza machache. Isiwe siku ya malipo, kwa sababu siku hiyo wanaume hawakai na wanawake huwa mbioni kutuma pesa nyumbani. Isifanyike kwenye ua wa mwenye shamba, watu hawataingia; shule au msikiti wa karibu ni bora. Wahudumu wawe na mwanamke kati yao, na wasiwe wa kijiji kile kile, maana tunaogopa majirani kuliko tunavyoogopa wageni. Daftari la majina libaki mikononi mwa wahudumu na liondoke nao usiku ule ule. Na mnyapara asiwe mlangoni.